Mwenye waya anaona nini? Historia ya matangazo yanayokufuata

  

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja anayekuja kwangu hapa Chaani kujifunza kuandika programu aliniuliza swali nikalikwepa. Mamake anaumwa na mgongo. Kijana alisoma habari za maumivu hayo kwenye simu yake mchana, na jioni simu ikaanza kumwonyesha matangazo ya mikanda ya mgongo. Akaniuliza, "Kaka, kwani kampuni ya simu inaona ninachosoma?" Nikamjibu harakaharaka kwamba hapana, hao ni Google na Facebook, tukarudi kwenye somo letu.

Jibu lile halikuwa uongo, ila nililikata mkia. Wapo wenye tovuti wanaokufuatilia, na hao tumewazungumzia sana. Lakini yupo pia mwenye waya, yaani kampuni unayoilipa ili ufike kwenye tovuti zote, na yeye amesimama mahali ambapo hakuna tovuti yoyote inaweza kusimama. Huyu ana historia yake katika biashara ya matangazo. Historia hiyo nilikuwa naijua vizuri nilipokuwa namjibu kijana, na nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe nimo ndani yake, upande usiopendeza.

Tuanze na huo upande.

Mwaka 2007 nilikuwa nashughulikia saiba moja hapa Chaani. Kompyuta nane, feni mbili, shilingi moja kwa dakika. Vijana wa leo hawawezi kuelewa intaneti ilivyokuwa ghali wakati ule. Nyaya za chini ya bahari hazikuwa zimefika. TEAMS ilitua hapa Mombasa Juni 2009, na SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huohuo. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa inazungumza na dunia kwa setilaiti, na laini yetu nyembamba tuligawana watu wanane. Mmoja akifungua barua pepe yenye picha, saba waliobaki wanapiga miayo.

Dawa yake ilikuwa Squid. Hii ni programu ya bure ya proksi: unaiweka kwenye kompyuta moja, kisha kompyuta nyingine zote zinapitia kwake. Wa kwanza akifungua ukurasa wa gazeti, Squid inauhifadhi kwenye diski. Wa pili akiutaka, anapewa kutoka hapohapo chumbani badala ya kwenda angani na kurudi. Ilituokolea pesa nyingi. Lakini Squid ina tabia moja: inaandika kila kitu. Saa, namba ya kompyuta, anwani ya ukurasa. Kila ombi mstari mmoja, katika faili linaloitwa access.log. Sikuiweka ili nimchungulie mtu, ila faili lilikuwepo, na jioni nikiwa sina kazi nililisoma. Nilijua kompyuta namba 2 anatafuta mchumba, na namba 6 anasoma habari za Liverpool mpaka pesa zake zinaisha.

Bosi wangu hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa na pua ya biashara. Siku moja alitazama tangazo refu lililo juu ya ukurasa fulani, akauliza, "Hii nafasi nani analipwa?" Nikamweleza. Akasema, "Waya ni wangu, umeme ni wangu, basi hiyo nafasi nayo iwe yangu." Squid ilikuwa na mlango wa hilo: unaweza kuipa programu yako ndogo inayosoma kila anwani inayoombwa na kuirudishia anwani nyingine. Niliandika kwa Perl, mistari haikufika hamsini. Kompyuta ikiomba picha kutoka seva zinazojulikana za matangazo, mimi nikaipa picha yetu: fotokopi, laminesheni, duka la simu la jirani. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kisha akaja rafiki yake bosi, muuza dawa za mitishamba. Huyu hakutaka tangazo lake lionekane na kila mtu. Alitaka lionekane na wagonjwa. Na mimi, Mungu anisamehe, niliona ni swali zuri la kiufundi. Wakati ule maneno unayotafuta Google yalipita wazi ndani ya anwani. Nikaongeza orodha ya maneno: kisukari, presha, pumu, ukimwi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Programu ikawa inakumbuka kila kompyuta imetafuta nini mara ya mwisho, na tangazo likachaguliwa kufuatana na hilo.

Utakuwa umeliona kosa tayari. Programu ilikumbuka kompyuta, haikumkumbuka mtu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila Jumamosi kumwandikia binti yake aliye ughaibuni. Siku hiyo alikaa kwenye namba 4 muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaja kaunta kulipa. Nilikuwa natafuta chenji. Nyuma yake kijana wa mtaani akaketi namba 4, akafungua ukurasa wa mpira, na juu yake likatokea tangazo la kijani la dawa za asili kwa wanaoishi na virusi. Akacheka kwa sauti. "Eh! Hapa alikuwa amekaa nani?" Mama hakugeuka. Alinitazama mimi. Kisha akatoka bila kungoja shilingi zake kumi, na hakurudi tena. Watu wa huku mnajua, habari inatoka Chaani inafika Migadini na Magongo kabla ya magharibi. Sikuwahi kujua kama alikuwa anasoma kwa ajili yake, au ya binti, au ya jirani. Orodha ya maneno niliifuta usiku uleule. Bosi nilimwambia programu imeharibika.

Nimewaeleza haya kwa sababu miezi ileile, kama nilivyokuja kusoma baadaye, watu wakubwa kuliko mimi walikuwa wanafanya jambo lilelile jijini London, na wao hawakuwa na kompyuta nane.

Kampuni ilikuwa inaitwa 121Media. Ilianza kwa kutengeneza programu zinazoingia kwenye kompyuta za watu na kuwaonyesha matangazo, zile tulizokuwa tukizisafisha kwenye saiba kila Jumatatu. Baadaye ikabadili jina ikawa Phorm, na ikapata wazo jipya: kwa nini uhangaike kuingia kompyuta moja moja, wakati zote zinapita kwenye waya mmoja? Basi kaa kwenye waya. Mkurugenzi wake, Kent Ertugrul, akaenda kuzungumza na watoa intaneti wa Uingereza. Wao walikuwa na malalamiko kama ya bosi wangu: sisi tunachimba mitaro na kulaza nyaya, Google wanachuma pesa.

Kati ya Septemba na Oktoba 2006, BT, iliyokuwa kubwa kuliko zote kule, ilijaribu mtambo huo kwa wateja kama 18,000 bila kuwaambia. Mwaka 2007 ikajaribu tena. Wateja wachache wenye macho waliona vivinjari vyao vinazungumza na seva wasiyoijua, wakapiga simu kulalamika, wakaambiwa huenda kompyuta zao zina virusi. Hapo huwa nasimama kidogo kila nikisoma habari hii. Nami nilisema programu imeharibika.

Februari 2008 mambo yakatoka hadharani: BT, Virgin Media na TalkTalk walitangaza kwamba watatumia Phorm. Mtaalamu wa usalama wa Cambridge, Richard Clayton, alipewa nafasi ya kuelezwa mtambo unavyofanya kazi, akauandika wote kwa umma. Ukiomba ukurasa, mtambo wa katikati ulikuwa unakuzungusha mara tatu kabla ya kukufikisha. Katika mzunguko huo ulikuwa unakupachika kuki, yaani alama ndogo inayobaki kwenye kivinjari, na alama hiyo ilikuwa inajifanya imetoka kwenye tovuti unayotembelea. Tovuti yenyewe haikuwa na habari. Yaani hata mwenye duka alikuwa hajui kwamba kuna mtu amesimama mlangoni kwake akiwapiga wateja mihuri mgongoni.

Phorm walijitetea kwamba hawahifadhi majina, kwamba kila mtu ni namba tu, na kwamba hawagusi kurasa za afya wala za ngono. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliiambia BBC Machi 2008 kwamba angemhama mtoa intaneti anayemfuatilia. Akatoa mfano wa mtu anayesoma vitabu kuhusu saratani, na hofu ya habari hizo kufika kwa kampuni yake ya bima. Kila nikisoma mfano huo nawaza namba 4.

Sitawachosha na kesi zote. BT iliachana na mpango Julai 2009. Tume ya Ulaya ilikuwa imeshaanza kuibana Uingereza tangu Aprili mwaka huo kwa kutolinda mawasiliano ya raia, na shauri hilo likafungwa 2012 baada ya Uingereza kurekebisha sheria. Waendesha mashtaka walitangaza Aprili 2011 kwamba hawatamshtaki mtu kwa majaribio yale ya siri. Phorm ilihangaika Korea Kusini, Brazil na Uturuki, kisha ikafunga shughuli 2016. Marekani nako kampuni ya aina hiyohiyo, NebuAd, ilianza kuingia kwa watoa intaneti, ikavutwa mbele ya kamati za Bunge 2008, mwaka uliofuata ikafa.

Ungedhani habari imeishia hapo. Lakini Uingereza na Marekani ya 2008 watu walikuwa wanaingia mtandaoni kwa kompyuta za nyumbani. Sisi tuliingia kwa simu, na kwenye simu mwenye waya anajua jambo moja zaidi: namba yako.

Mwaka 2011 nilikuwa nimeshaacha saiba, nikajifunza PHP. Nilikuwa na tovuti ndogo ya majaribio, nikaandika ukurasa unaochapisha kila kitu kivinjari kinachotuma kinapoomba ukurasa. Ombi lolote la wavuti lina kichwa juu yake, mistari inayosema unatumia kivinjari gani, lugha gani, na kadhalika. Nikafungua kwa kompyuta, kila kitu sawa. Nikafungua kwa simu yangu, na katikati ya ile mistari nikaona 254 ikifuatwa na tarakimu zangu tisa. Namba yangu ya simu. Sikuiandika mimi wala kivinjari hakikuiandika. Iliongezwa njiani, na kampuni ambayo sitaitaja. Nikazima bando, nikawasha, nikajaribu tena. Ikaja tena.

Hii haikuwa ajabu ya Kenya peke yake. Mtafiti Collin Mulliner alikuwa ameonyesha mwaka 2010 kwamba makampuni ya simu ya nchi mbalimbali yanavujisha namba za wateja kwa njia hiyohiyo. Januari 2012 kampuni ya O2 ya Uingereza iligundulika ikituma namba ya mteja kwa kila tovuti anayofungua. Ikaomba radhi na kusema ilikuwa hitilafu ya matengenezo iliyoanza tarehe 10 na kurekebishwa tarehe 25 mwezi huo. Katika maelezo yao walikiri jambo lililonivutia kuliko hitilafu yenyewe: kwa kawaida namba huwa inatumwa, ila kwa washirika maalumu tu.

Sababu ya washirika ni pesa. Ukifungua ukurasa wa kununua mlio wa simu au kusajiliwa kwa vichekesho vya kila siku, muuzaji anataka kukata salio lako bila kukusumbua uandike namba. Kwa hiyo kampuni inampelekea namba yako ndani ya kichwa cha ombi. Kiufundi ni rahisi na ni nadhifu. Ukitaka kujua kwa nini miaka ile mtu aligusa picha kwa bahati mbaya na kesho yake akakuta shilingi kumi zimekatwa, mara nyingi mtambo ndio huo.

Waliochukua wazo hilo na kulifanya la matangazo ni Verizon wa Marekani. Kuanzia 2012 walikuwa wanabandika kwenye kila ombi la wateja wao wa simu mstari uitwao X-UIDH, msimbo wa pekee kwa kila mteja. Ukifuta kuki zako zote, msimbo unabaki, maana haupo kwenye simu yako, upo njiani. Miaka miwili ikapita kabla watu hawajaelewa. Oktoba 2014 wataalamu wakapiga kelele, na Januari 2015 ikabainika kwamba kampuni ya matangazo iitwayo Turn ilikuwa inautumia msimbo huo kufufua kuki ambazo watu wamezifuta. Machi 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliitoza Verizon faini ya dola milioni 1.35. Kwa kampuni ya ukubwa ule, hiyo ni nauli ya matatu.

Shirika la Access Now liliweka tovuti ambapo mtu yeyote angeweza kupima simu yake kama inabandikwa msimbo wa aina hiyo. Walipotoa ripoti Agosti 2015 majaribio yalikuwa yamepita 200,000, na misimbo ilionekana katika nchi kumi. Kwa Afrika ilitajwa Moroko.

Mwaka huohuo kulitokea kisa Bangalore, India. Mwanaprogramu mmoja aligundua kwamba kila akifungua tovuti yake mwenyewe kwa intaneti ya Airtel, ukurasa unafika ukiwa na kipande cha JavaScript ambacho hakukiandika. Alikiweka hadharani GitHub ili wenzake waone. Alichopata ni barua kali kutoka kwa mawakili wa Flash Networks, kampuni ya Israel yenye msimbo ule, wakidai amevunja hakimiliki yao. Fikiria mtu amepaka rangi ukuta wako usiku, asubuhi ukipiga picha anakushtaki kwa kunakili mchoro wake. Airtel walisema lengo lilikuwa kumsaidia mteja kujua ametumia data kiasi gani. Jina hilo lipo kwetu pia tangu 2010, lakini nisieleweke vibaya: kisa kile ni cha India, sisemi kilitokea hapa.

Basi hapa kwetu je?

Ushahidi wa wazi tulionao ni wa Machi 2017. Kituo cha CIPIT cha Chuo Kikuu cha Strathmore kilitoa ripoti kuhusu mtandao wa simu wa Safaricom. Walitumia zana ya mradi wa OONI, na napenda jinsi inavyofanya kazi kwa sababu ni werevu wa kitoto. Unatuma kwa seva yako ombi lililoandikwa vibaya makusudi, na seva hiyo kazi yake ni kukurudishia neno kwa neno ulichotuma. Ikiwa njiani hakuna kitu, kosa lako litarudi kama lilivyokwenda. Ikiwa kuna mtambo unaosoma maombi, utajaribu kulisahihisha au utalikataa, na hapo umejitangaza. CIPIT waliona dalili za mtambo wa katikati. Safaricom walikana. Ripoti yenyewe haikusema mtambo ule ulikuwa wa matangazo. Mitambo ya aina hii hutumika pia kuharakisha kurasa, kazi ileile Squid yangu ilikuwa inafanya mwanzoni. Tofauti kati ya kuharakisha na kuchungulia ni mistari hamsini ya Perl. Nasema kwa uzoefu.

Wakati ule hatukuwa na sheria ya data. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano, lakini kifungu cha Katiba hakina ofisi wala namba ya simu. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinazungumzia moja kwa moja kutumia data ya mtu kwa biashara, na kinataka ridhaa yake. Kwa hiyo kati ya ile laini ya setilaiti na Kassait kuna zaidi ya miaka kumi ambayo mwenye waya alijiamulia mwenyewe.

Na kilichomfunga macho mwenye waya, kwa maoni yangu, hakikuwa sheria ya hapa wala faini ya kule. Ni ile kufuli ndogo kwenye kivinjari. Baada ya ufichuzi wa Edward Snowden mwaka 2013, tovuti nyingi ziliamua kusimba mawasiliano, yaani kuyageuza yasisomeke njiani. Kabla ya hapo cheti cha kufanya hivyo kilikuwa kinanunuliwa, na mtu mwenye blogu ya bure hakuwa na sababu ya kulipa. Desemba 2015 mradi wa Let's Encrypt ukaanza kugawa vyeti bure kwa kila anayetaka. Julai 2018 Chrome ikaanza kuandika "si salama" kwenye kila tovuti isiyosimbwa, na wenye tovuti walikimbilia vyeti kama watu wanaokimbilia mabasi ya Krismasi. Programu yangu ya 2007 leo haiwezi kubadilisha hata tangazo moja. X-UIDH haiwezi kubandikwa juu ya kitu kilichofungwa.

Lakini kimefungwa kiasi gani? Sisi wa Changamwe tunaishi na makontena, nitumie hilo. Kontena likitoka Kipevu limepigwa sili. Dereva hajui ndani kuna viatu au mchele. Ila anajua limetoka kwa nani, linakwenda kwa nani, uzito wake, na saa liliyoondoka. Ukilibeba la mteja yuleyule kila Jumatano kwenda ghala lilelile, huhitaji kuvunja sili. Ndivyo alivyo mwenye waya wa leo. Kurasa haoni. Lakini simu yako kabla ya kufungua tovuti huuliza jina hilo lina anwani gani, kupitia DNS, na mara nyingi swali hilo linaulizwa wazi kwa seva ya mwenye waya mwenyewe. Hata ukilisimba swali, jina la tovuti kwa kawaida hutokeza tena mwanzo wa mazungumzo, na anwani ya IP inabaki. Kwa hiyo haoni umesoma ukurasa gani wa tovuti ya wenye ukimwi. Anaona umekwenda, saa nne usiku, ukakaa nusu saa.

Marekani walikuwa wamepitisha kanuni Oktoba 2016 za kuwalazimisha watoa intaneti waombe ruhusa kabla ya kutumia historia hiyo. Bunge likazifuta, na rais akasaini Aprili 2017. Oktoba 2021 tume ya biashara ya huko, FTC, ikachapisha uchunguzi wa makampuni sita makubwa ya intaneti, ikaeleza kwamba baadhi yanawapanga wateja kwa makundi hadi ya rangi na mwelekeo wa kijinsia. Ulaya wamekwenda njia ya kuuliza kwanza: Februari 2023 Tume ya Ulaya iliwaruhusu Deutsche Telekom, Orange, Telefónica na Vodafone kuunda kampuni moja, Utiq, inayompa mteja alama ya matangazo inayotokana na laini yake, ikiwa tu amekubali. Ukisoma maelezo yake kwa jicho la fundi utamtambua mtoto wa X-UIDH, ameoga, amevaa suti, na amebisha hodi.

Huku kwetu nadhani hali ni tofauti kidogo. Kampuni za simu zetu hazina haja kubwa ya kuchungulia kurasa. Tangu usajili wa laini uanze 2010, namba yako imefungwa na kitambulisho chako. Tangu 2007 pesa yako inapita M-Pesa. Kwa nini nibahatishe kwamba unapenda kubeti kwa sababu umefungua tovuti fulani, wakati naona umelipia? Mwaka 2019 kesi ilifikishwa Mahakama Kuu Nairobi ikidai kwamba data za wateja milioni 11.5 wa Safaricom, pamoja na habari za kubeti kwao, zimevuja na kutafutiwa soko. Yalikuwa madai ya mahakamani, nayachukua hivyo. Ila tazama ni nini hasa kilichodaiwa kuwa na soko.

Basi Jumamosi iliyopita kijana alipokuja nilimrudishia swali lake. Nilimwambia mikanda ya mgongo karibu hakika ililetwa na wenye tovuti, siyo na mwenye waya, na nikamweleza kwa nini sina uhakika wa asilimia mia. Tulikaa na kompyuta tukafungua tcpdump kwenye ruta yangu, akapitisha simu yake hapo, nikamwonyesha majina yanavyopita moja baada ya jingine. Jina la hospitali lilipita. Jina la kampuni ya mikopo lilipita, akaona haya, nikajifanya sijaona. Nilimfundisha kubadilisha DNS ya simu iwe ya faragha. Ni dakika moja kwenye mipangilio, ingawa kama nilivyosema haifungi kila kitu.

Kisha nikamsimulia ya saiba, kwa mara ya kwanza kumsimulia mtu. Alisikiliza, hakucheka. Akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na lile faili, access.log, liko wapi?"

Saiba ilifungwa mwaka 2010. Bosi aliuza kompyuta zote kwa mpigo, pamoja na ile ya Squid. Mnunuzi alikuja na mkokoteni. Orodha ya maneno nilikuwa nimeifuta, lakini faili lenyewe, miaka mitatu ya mistari, kila kompyuta na kila ukurasa, sikuligusa. Diski ilikwenda kama ilivyo.